Randa namba tano kutoka vyuma chakavu

*Kikundi: Wa Kinyanambo (ukoo) – Jumamosi*

Elia, 06:41
Shikamooni wakubwa, kamwene wote. Mbadala wa ile namba tano ya Babu tuliyoiuza umepatikana. Iko kwa muuza vyuma chakavu hapa Mafinga, anaiuza kwa kilo. Picha nne hizo. Kutu imeivaa mpaka kisu hakitoki.

Mama, 06:44
"Tuliyoiuza"? Andika uliyoiuza.

Mjomba Festo, 06:52
Marahaba mpwa wangu. Usilipe kwanza. Kutu si ugonjwa wa kuua randa, ufa ndio unaua. Ining'inize kwa kamba uigonge na mpini wa bisibisi. Kasti (chuma cha kumimina) nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inatoa sauti ya chungu kilichopasuka.

Baba Mdogo Isaya, 06:58
Na hapo mdomoni fanya kipimo cha chaki. Sugua kutu ya juu kuzunguka tundu la kisu, paka mafuta ya taa, ngoja dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa, halafu pakaza chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki.

Baba Mdogo Isaya, 06:59
Ufa wa shavuni (ubavuni mwa randa) unavumilika. Wa mdomoni iache hapohapo. Ukiichomelea kasti kwa fimbo za kawaida, pembeni mwa mshono panakuwa pagumu kama kioo na panakatika upya, na soli, yaani uso wa chini wa randa, inapinda kwa moto.

Elia, 07:31
Imelia vizuri. Chaki safi. Urefu wa soli nimepata 355 mm, kisu upana 51 mm. Pembeni mwa kishikio cha mbele kuna maandishi ya England.

Mjomba Festo, 07:35
Basi ni namba tano yenyewe, inchi 14 kwa kisu cha inchi 2. Namba tano na nusu ina kisu kipana zaidi, wengi huchanganya wakaja kununua kisu kisichoingia. Kisu cha namba nne kinaingia hapo bila shida, upana ni uleule. Ni Stanley au Record?

Elia, 07:36
Stanley. Rangi nyeusi iliyobanduka.

Baba Mdogo Isaya, 07:40
Ya Sheffield hiyo. Record nazo ni za Sheffield, ila huwa na rangi ya bluu. Muundo ni ule ule wa Leonard Bailey, Mmarekani, ambaye Stanley walinunua hataza zake mwaka 1869. Ndiyo maana vipuri vingi vinaingiliana. Lipa mwanangu.

Elia, 08:20
Imelipwa. Nimeanza kufungua. Ile nati ya shaba ya nyuma, inayosogeza kisu, imegoma. Nimeshika plaizi.

Mjomba Festo, 08:21
WEKA PLAIZI CHINI

Mjomba Festo, 08:23
Nyuzi zake ni za kushoto. Kufungua unazungusha kuelekea mkono wa saa, kinyume na nati nyingine zote za dunia hii. Wengi hukata pini hapo kwa kuikaza wakidhani wanaifungua. Dondosha dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa nusu kwa nusu, iache mpaka kesho, kila ukipita igonge kidogo na kijiti.

Baba Mdogo Isaya, 08:27
Skrubu zote: bisibisi lazima ijae mfereji. Mifereji ya hizi randa ni myembamba, bisibisi ya dukani ncha yake ni kabari, inapanda juu na kula kingo. Inoe kwa tupa mpaka ncha iwe bapa na iingie hadi chini. Ikigoma, choma kichwa cha skrubu kwa ncha ya chuma cha kuchomelea risasi dakika mbili, iache ipoe, jaribu tena. Kupoa ndiko kunakofungua, si joto lenyewe.

*Jumapili*

Elia, 14:05
Shikamooni. Vyote vimetoka. Sasa kutu. Kuna jamaa mtaani ana grainda yenye diski ya msasa, anasema dakika tano soli inang'aa.

Mjomba Festo, 14:06
Inang'aa, ndiyo. Na ikishang'aa itumie kama pasi ya kunyooshea nguo, maana haitakuwa bapa tena.

Dada Atu (Tukuyu), 14:15
Tumia umeme, hautoi chuma hata chembe, unatoa kutu tu. Ndoo ya plastiki, maji lita 15, vijiko vikubwa vinne vya soda. Magadi soda ya maandazi inafaa lakini inapitisha umeme kidogo. Ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu cha chuma kama nusu saa, ukikoroga, mpaka iache kupumua. Hapo inageuka kuwa soda ya kufulia, yenye nguvu zaidi. Usikaangie kwenye sufuria ya alumini, ikipata unyevu italika.

Mama, 14:17
Ndoo yangu ya unga isiguswe.

Elia, 14:18
Dada, na magadi ya mawe, yale ya kupikia maharage?

Dada Atu, 14:22
Yaache. Huwa yamechanganyika na chumvi, na chumvi kwenye umeme inatoa gesi ya klorini. Pia chumvi ikibaki kwenye vitundu vya kasti, kutu inarudi ndani ya wiki.

Dada Atu, 14:30
Waya hasi unafungwa kwenye randa. Chanya kwenye nondo. Ukikosea hapa, randa ndiyo inaliwa na nondo inatakata. Weka nondo nne kuzunguka ndoo, zote ziunganishwe kwa waya mmoja, kwa sababu umeme unasafisha upande unaotazamana na nondo tu. Zisigusane na randa. Betri ya sola ya volti 12 inatosha, kati ya ampea 2 na 5. Ikizidi, sogeza nondo mbali au punguza soda. Acha saa 8 hadi 12, nje, pasipo moto wala sigara, povu lile ni haidrojeni. Nondo ikijaa ukoko ikwangue, vinginevyo kazi inasimama. Na usijaribu kuweka chuma cha pua badala ya nondo hata kama kinapendeza, kinatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji.

Baba Mdogo Isaya, 14:33
Chaja nyingi za siku hizi haziwaki kama hazioni betri. Ndiyo maana Atu kasema betri moja kwa moja.

Mjomba Festo, 14:36
Nati ya shaba isiingie humo. Wala kisu. Chuma kigumu kikinywa haidrojeni kinaweza kuwa chepesi kumeguka. Kisu kisugue kwa mafuta ya taa na msasa 240, inatosha.

Dada Atu, 14:38
Ikitoka itakuwa na masizi meusi. Isugue kwa brashi ya nailoni chini ya bomba, kisha imwagie maji yanayochemka ili ijikaushe yenyewe kwa joto lake, na uipake mafuta ya cherehani ikiwa bado vuguvugu. Ukienda kunywa chai kwanza utakuta imegeuka rangi ya chungwa.

*Jumatatu*

Elia, 17:50
Picha. Siamini macho. Kuna vishimo vidogo upande wa kushoto lakini mdomo uko safi.

Mjomba Festo, 18:04
Vishimo vya shavuni havina neno, hata vya katikati ya soli pia. Sasa kunyoosha. Tafuta kioo cha unene wa 10 mm, kilale juu ya meza isiyopinda. Kioo chembamba kinafuata mgongo wa meza na wewe utafuata mgongo wa kioo. Gundisha msasa 80 wa roli, ule wa mashine. Rudisha kiti cha kisu, kisu na kibanio (kile kinachokaza kisu), kaza kama vile unataka kupiga randa, ila kisu kirudishwe ndani milimita mbili. Kibanio kikikaza kinaipinda soli kidogo. Ukinyoosha bila hicho utapata soli iliyonyooka ikiwa kabatini tu.

Mjomba Festo, 18:10
Chora mistari ya kalamu ya maka soli nzima, kukingama. Sukuma mara kumi, tazama. Panapobaki wino ndipo penye bonde. Pembe tatu za kuzingatia: mbele kabisa, kingo za mdomo, nyuma kabisa. Wino ukifutika hapo, acha. Usifukuze kila bonde. Kasti ya hapo chini si ya kuchezea.

Baba Mdogo Isaya, 18:13
Kipimo cha mkono: karatasi ya daftari ina unene wa karibu 0.1 mm. Weka rula ya chuma kwenye soli. Kama karatasi haipiti chini ya rula kwenye zile sehemu tatu, randa ya kuchonga mbao za mpaini za msitu wa Sao Hill iko tayari. Randa ya kumalizia ndiyo inayodai zaidi ya hapo.

Elia, 18:15
Pembe nne au tatu Mjomba?

Mjomba Festo, 18:16
Sehemu. Sehemu tatu. Simu hii inaandika itakavyo.

Mjomba Festo, 18:24
Baada ya 80 nenda 120, 180, ukitaka 240. Bonyeza katikati, usibonyeze mbele, utaikunja. Na mdomo usiuguse na tupa. Ukishaupanua, kwenye mafundo ya mpaini nyuzi zitanyanyuka na kung'oka kabla kisu hakijafika.

*Jumanne*

Elia, 19:12
Soli tayari. Kisu kinakata, lakini maranda yanajikunja na kukwama chini ya kifuniko cha kisu. Kila hatua nne nachokoa na msumari.

Mjomba Festo, 19:20
Kifuniko hakilali. Kiweke juu ya mgongo wa kisu, kaza skrubu, elekeza kwenye taa. Ukiona mwanga unapenya, hapo ndipo maranda yanapoingia. Noa ukingo wa kifuniko kwenye jiwe, upande wa nyuma ukishusha mkono kidogo chini ya usawa wa jiwe, ili ncha ndiyo iguse kisu kwanza. Kisha kiweke 1.5 mm nyuma ya makali kwa kazi ya kuparaza, chini ya nusu milimita kwa kumalizia.

Baba Mdogo Isaya, 19:22
Na mgongo wa kisu uwe bapa kama kioo, sentimita moja ya mwisho inatosha. Bila hapo hakuna kunoa, ni kupiga pasi tu. Mteremko digrii 25, makali ya mwisho inua hadi 30. Kwenye mashine ya kunoa chovya kila sekunde mbili tatu. Ukiona rangi ya bluu kwenye ncha, ugumu umeondoka, kata mpaka upite hapo.

Elia, 19:25
Kisu kimebaki kifupi. Fundi chuma anaweza kunitengenezea cha springi ya gari, anasema 4 mm.

Baba Mdogo Isaya, 19:29
Cha asili kina unene wa karibu 2 mm. Cha 4 kitaziba mdomo, na kile kidole kinachosogeza kifuniko hakitafika kwenye tundu lake. Asizidishe 2.5.

Dada Atu, 20:02
Baba Mdogo, skrubu na kifuniko vinaweza kupata weusi wa zamani bila dawa ya dukani. Safisha grisi kwa sabuni, futa kwa siki, kisha tumbukiza kwenye chai kali: vijiko vinne vya majani kwa lita moja, saa mbili. Tanini ya chai inashikana na chuma kuwa nyeusi. Majani ya Rungwe au Mufindi, yoyote. Magome ya miwati ya Njombe yana tanini nyingi kuliko chai. Suuza, kausha, mafuta.

Baba Mdogo Isaya, 20:07
Ukitaka bluu halisi ya skrubu: zing'arishe, zipange juu ya mchanga mkavu kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa. Zitapita rangi ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu bluu. Ikifika bluu dondosha kwenye oili. Usipepese macho, kati ya zambarau na kijivu ni sekunde chache. Kisu kisiingie humo hata kwa bahati mbaya.

Mama, 20:09
Kikaango kipi?

Elia, 20:10
Cha zamani Mama 🙏

Mjomba Festo, 20:31
Rangi ya ndani: ile ya zamani inaweza kuwa na risasi, usiiparaze kavu. Ilowanishe, vaa barakoa. Paka enameli ya injini, tabaka mbili nyembamba. Funga kwa utepe pale kiti cha kisu kinapokaa na kwenye matundu ya skrubu. Rangi ikiingia chini ya kiti, kisu kinatetemeka na ubao unatoka na mawimbi, utahangaika na kunoa wakati kosa ni rangi.

Elia, 20:34
Mpini wa nyuma umevunjika pembe ya juu. Nina kipande cha mninga cha Chunya na kidogo cha mpingo.

Mjomba Festo, 20:41
Mpini fanya mninga, kishikio cha mbele mpingo kama una uvumilivu. Mpingo ni ukoo mmoja na mti waliotumia Stanley zamani. Nyuzi za mbao ziende sambamba na soli, zikisimama wima ile pembe itakatika tena. Toboa tundu la boliti kwanza, kipande kikiwa bado cha mraba, ndipo uchonge umbo. Ukichonga kwanza drili itatokea ubavuni.

Mjomba Festo, 20:44
Na boliti ya mpini usiipoteze. Unene karibu 5.5 mm, nyuzi 20 kwa inchi, si ya milimita. M6 ya dukani inaingia mizunguko miwili kisha inakula nyuzi za kasti.

Elia, 20:45
...M6 nimeshainunua.

Mjomba Festo, 20:46
Umeijaribu?

Elia, 20:51
Mzunguko mmoja na nusu.

Mjomba Festo, 20:52
Itoe taratibu. Piga picha tundu, tochi iingie ndani.

Dada Atu, 20:58
Ukipaka mpini mafuta ya linsidi, vitambaa usivikunje ukavitupa kwenye maranda. Vinajipasha moto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze kwenye kamba nje.

Elia, 21:14
[picha] Uzi wa kwanza umekwaruzwa, wa pili kwenda chini mzima.

Mjomba Festo, 21:17
Umepona. Ile boliti ya zamani chana mfereji mmoja kwa urefu na msumeno wa chuma, pakaza mafuta, iingize kwa mkono robo mzunguko mbele, robo nyuma. Itasafisha uzi. Kesho asubuhi, si usiku huu, macho yamechoka.

Mama, 21:19
Na kikaango kirudi kikiwa kimeoshwa.