Mama anataka kuona Niagara: gari la watalii au tujiendee wenyewe?

Mama Rehema, Scarborough (Jumatatu usiku)

Assalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa shikamooni.

Mama yangu yupo hapa tangu mwezi wa sita, kaja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na tangu ashuke kwenye ndege wimbo wake ni mmoja: hayo maporomoko mnayoyasema yako wapi? Nimeona matangazo ya safari za siku moja, unaondoka Toronto asubuhi unarudi jioni, mwongozaji yumo, boti imo, "tunakuchukua mlangoni". Bei zinapishana mpaka mara mbili kwa safari ambayo kwa maneno ni ile ile. Gari langu dogo, na barabara kuu ya QEW ya kwenda huko sijawahi kuishika. Mliokwenda na wazazi, nilipie au ni kutupa hela? Halafu visa ya mama ni ya kuingia mara moja tu. Kuna tatizo?

Hamisi, katikati ya mji (Jumatatu usiku)

Dada, usilipe. Jumamosi na Jumapili kuna treni ya GO kutoka Union Station, stesheni kuu ya Toronto, mpaka Niagara Falls yenyewe, mwendo wa saa mbili na ushee. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi, kwa hiyo Rehema bure. Stesheni iko mbali kidogo na maporomoko, kilomita tatu au nne, msijaribu kwa miguu, kuna mabasi ya WEGO. Nimekwenda mara tatu, na mara zote mkate wangu begani.

Baba Tatu, Brampton (Jumanne alfajiri)

Waaleikum salaam Mama Rehema. Bi mkubwa mpe shikamoo yangu.

Hamisi anasema kweli, ila ni ukweli wa mtu mwenye magoti mazima. Mimi niliendesha yale magari ya watu 14 kwa misimu minne kabla sijahamia malori, kwa hiyo ngoja nikuonyeshe jikoni kunapikwaje.

"Mlangoni" si mlango wako. Ni mlango wa hoteli, katikati ya mji. Anayekaa Scarborough anaamka saa kumi na moja, anamvusha mama jiji zima, ndipo safari ianze. Waandikie kabla ya kulipa: mnachukua wapi, saa ngapi, na upande wa mashariki mna kituo? Wengine wanacho na hawakitangazi.

Siku ni nzima, lakini maporomoko hayapati siku nzima. Mara nyingi ni saa tatu, kuna kampuni zinatoa mbili. Zilizobaki ni barabara (kilomita 130 kwenda, nyingine kama hizo kurudi), ile saa kubwa ya maua, duka la peremende za maple na shamba la zabibu kule Niagara-on-the-Lake. Baadhi ya vituo hivyo vipo kwa ajili ya mandhari, baadhi vipo kwa ajili ya kamisheni, na dereva anajua kipi ni kipi. Niliwahi kufanyia kazi tajiri aliyetuhesabia dakika za dukani na kutuacha tukimbizane kwenye maji. Kwa hiyo usiulize safari inachukua saa ngapi. Uliza ni dakika ngapi pale Table Rock, maana hapo ndipo unaposimama na maji yanavunjikia karibu na mkono wako.

Boti nayo. Tangazo likisema "boti" linaweza kuwa na maana tiketi imo, au likawa na maana muda wa kwenda kujinunulia tiketi umo. Bei zinapishana kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote. Safari ya majini ni dakika 20, watu mpaka 700 kwenye boti moja na wengi wamesimama. Kushuka gatini kuna lifti, hilo lisikutishe. Wanagawa koti la plastiki, jekundu kwa Kanada, la bluu ni la boti ya Wamarekani ng'ambo. Kuanzia magotini kushuka utalowa tu, koti au pasipo koti. Mama asivae kanga wala dera la pamba refu, likishiba maji linakuwa zito kama gunia, na ndani ya gari kiyoyozi kinapuliza. Beba soksi na viatu vya pili.

Akikataa boti, mpeleke kwenye kile kituo cha zamani cha umeme. Kilijengwa 1905, kikazimwa 2006, na tangu 2021 wageni wanaingia. Lifti ya kioo inakushusha chini, halafu kuna handaki la mita 670, tambarare kabisa, linatokea ukingoni mwa mto na maporomoko yako mbele yako. Mitambo ya mle inapendeza kuliko wengi wanavyodhani. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita moja, kwa hiyo kiti cha magurudumu ni lazima.

Hesabu: bei ya tangazo ni kabla ya kodi, ongeza asilimia 13. Dereva na mwongozaji wanategemea bakshishi, sikusukumi, nakuambia ukweli wa mfuko wangu wa zamani. Pale mjini, mikahawa na hoteli kadhaa zinaongeza senti za "utalii" chini ya risiti. Hiyo si kodi ya serikali. Omba kwa adabu waiondoe.

Kuhusu visa: upande wa Kanada hakuna mpaka unaovuka, hakuna atakayemwuliza pasipoti. Maporomoko ni matatu, na Kanada ndiko unakoyaona yote kwa mbele. Usinunue safari ya "pande mbili", Marekani ni visa nyingine. Bima ya afya uliyomkatia mama, kadi yake iwe mkobani, maana OHIP, bima ya afya ya jimbo, haimhusu mgeni.

Na simu! Pale mtoni inadaka minara ya Marekani. Zima data ya nje kabla hujafika, la sivyo bili itakayokuja itakuwa maporomoko ya pili.

Ndugu wa Bukavu, Hamilton (Jumanne mchana)

Jambo kwenu wote. Miye ni mtu wa Bukavu, mnisamehe Kiswahili changu.

Baba Tatu amesema vizuri juu ya mpaka, lakini kuna jambo naongeza kwa wale ambao karatasi zao bado ziko mikononi mwa watu. Mwaka ule nilikuwa ningali nangojea kesi yangu ya ukimbizi. Rafiki anaendesha, simu inatuonyesha njia, tunacheka, tunaimba. Mara naona kibao: daraja la kwenda USA. Ile Rainbow Bridge iko pale pale katikati ya mji, si mbali huko porini. Ukishaingia kwenye mstari wa magari hakuna kugeuka, unafika mbele ya askari wa Marekani, na hapo uanze kueleza wewe ni nani na kwa nini umetoka Kanada. Tulikata kona ya mwisho kabisa. Nilitetemeka mpaka nyumbani, maji sikuyaona siku ile.

Kwa hiyo mwenye kesi aende na gari la watalii au treni, asiende na dereva mgeni anayesikiliza simu. Miye kwa sababu hiyo tu nalipia.

Mzee wa London, Ontario (Jumanne jioni)

Marahaba wanangu.

Nimefanya kazi ya umeme nyumbani kwa miaka mingi, basi mnivumilie. Mama aende mchana. Watu wanasifu taa za usiku, na kweli zinapendeza, lakini usiku ukishakuwa mkubwa unaonyeshwa nusu ya maji. Kanada na Marekani walitia saini mkataba mwaka 1950: msimu wa watalii, mchana, maji yanayoachwa yaanguke yasipungue mita za ujazo 2,832 kwa sekunde. Usiku, na kipindi chote cha baridi, yanaruhusiwa kushuka mpaka 1,416. Yanayobaki yanapitishwa kwenye mahandaki kwenda kuzungusha mitambo ya pande zote mbili. Kuna watu kazini wanaoyapunguza na kuyaongeza kama mtu na koki ya bafuni.

Sisi kule Kihansi, kwenye mitambo ya umeme wa maji Tanzania, hatukuanza na mkataba wa namna hiyo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, ule mvuke wa maporomoko ukakauka, na vile vyura vidogo vya Kihansi, ambavyo havikuwapo popote pengine duniani, vikapungua sana. Ikabidi bondeni yafungwe mabomba ya kunyunyiza mvua ya bandia, na bado vikaja kutoweka porini. Vilivyonusurika ni vile vilivyokuwa vimepelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 vikaanza kurudishwa. Sasa tazameni ramani: Toledo iko kwenye pembe ya ziwa Erie, na maji ya Erie ndiyo hayo yanayokuja kuanguka Niagara. Nilipokwenda nilisimama pale nikawaza vyura wetu walikuwa wakilelewa upande wa juu wa mto huu huu, mke wangu akadhani nimepata kizunguzungu.

Hamisi (Jumanne usiku)

Mzee wangu shikamoo. Dada kauliza usafiri, tumefika kwenye vyura. Nimependa lakini.

Dada, kwa bi mkubwa wa magoti narudisha maneno yangu. Ila usiende Jumamosi.

Mama Rehema (Alhamisi, wiki iliyofuata)

Tumekwenda jana, tumerudi salama. Ripoti yenyewe hii.

Niliandikia kampuni tatu maswali ya Baba Tatu. Moja haikujibu. Ya pili ilijibu kila kitu isipokuwa dakika za Table Rock, badala yake ikanipa punguzo, nikaelewa. Ya tatu, gari dogo, wakasema muda wa saa tatu na nusu pale kwenye maporomoko, tiketi ya boti imo, na kumbe wanapitia kituo cha Kennedy, huku huku Scarborough. Si rahisi kuliko zote, lakini nilipojumlisha zile za bei ya chini na tiketi ya boti na teksi ya alfajiri, tofauti ikabaki ndogo. Nililipa.

Mwongozaji anazungumza bila kumeza mate, na mimi namfasiria mama huku Rehema analala mapajani. Mama hakushika chochote mpaka tulipofika kwa Annie Edson Taylor, yule mwalimu aliyejitia ndani ya pipa mwaka 1901, siku anayotimiza miaka 63, akateremka na maji na kutoka mzima. Alitaka hela ya kuzeekea. Mama akauliza, "Hakuwa na watoto wa kumkataza?" Nikafasiri, gari zima likacheka, na kuanzia hapo mama akawa ndiye mwongozaji wa pili.

Boti alikataa. Akasema boti ya Pemba inamtosha maisha yake yote. Tukakaa juu tukitazama zinavyoingia kwenye ule mvuke na kupotea, watu wote wekundu kwa yale makoti, mara anainuka mwenyewe: "Twende, nisije nikaulizwa Tanga." Tulisimama ukingoni mwa boti, ameshika chuma kwa mikono miwili, anasoma dua kwa sauti, na mngurumo ukawa mkubwa sikusikia tena anasoma nini. Uso wote umelowa. Sikujua kama ni maji peke yake na sikuuliza.

Baba Tatu, soksi zako zimetuokoa. Viatu vya pili nilibeba vya mama na Rehema, vyangu nikasahau, nikarudi Scarborough nachuruzika.

Chakula tulijibebea, katlesi, maandazi na chupa ya chai, tukatandika kwenye nyasi za bustani ng'ambo ya barabara. Adhuhuri na alasiri tuliziswali hapo hapo kwa pamoja na kwa kupunguza. Kibla kutoka huku ni kaskazini mashariki, tuliupa mto ubavu, hakuna aliyetusumbua. Simu ya mume wangu ikatoa mlio: karibu Marekani. Tumekaa Kanada, mkono wa kushoto kikombe cha chai.

Kituo cha umeme hatukukiwahi. Kwenye shamba la zabibu wenzetu waliingia kuonja mvinyo wa barafu, ambao zabibu zake zinaachwa mtini mpaka baridi ifike nyuzi 8 chini ya sifuri ndipo zichumwe. Sisi tulibaki nje, na dakika hizo 40 mama alizitumia kwenye kibanda cha pichi kando ya barabara, akizibonyeza moja moja kama yuko sokoni Ngamiani, kwetu Tanga. Tulirudi na kapu. Ile ya "utalii" ilikuwa kwenye risiti ya chipsi, nikaomba, kijana akaifuta bila neno.

Saa moja na nusu usiku tulikuwa Kennedy. Foleni ilikuwa Burlington, kama kawaida yake.

Kiti cha magurudumu nilichoazima kwa jirani kinakunjika na kilienea nyuma ya gari, ila mwambieni dereva siku moja kabla. Mwenye mzazi anayekuja mwezi wa nane anitumie ujumbe pembeni, jirani kasema anaweza kukiazima tena. Na makoti mekundu matatu ninayo hapa, yamekauka. Mwenye kuyataka apite, pichi nazo bado zipo chache.