Wazazi wa gari la shule: gumzo la kikundi

Mama Imani: Habari za jioni majirani. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mama Imani: Leo namwogesha Imani naona viganja vimevimba, vyekundu. Namuuliza, ananiambia "nilikuwa napiga dirisha." Dirisha gani? La gari la shule. Asubuhi alipitiwa na usingizi, wenzake wakashuka, gari likafungwa likaegeshwa nyuma ya madarasa. Kuamka hakuna mtu. Akagonga, akalia, akagonga tena. Aliyemsikia ni mama anayefagia uwanja.

Mama Zuhura: Ya Rabi!!

Baba Kelvin: Duh. Leo hii?

Mama Imani: Leo hii. Na simu ya shule sijaiona. Angekuwa ameoga mwenyewe nisingejua kitu.

Bibi Mwanaidi: Mtoto mzima lakini?

Mama Imani: Shikamoo Bibi. Mzima, amekula, amelala. Shati lilirudi na michirizi ya chumvi mgongoni nikadhani ni mpira.

Bibi Mwanaidi: Marahaba. Pole mwanangu.

Baba Kelvin: Pole sana jirani. Ila tusimkaange dereva kwanza. Yule baba ni mtu mwema, tunamfahamu. Pengine mtoto alikaa humo dakika chache tu.

Mama Imani: Sijamkaanga mtu. Nimeuliza alikaa muda gani. Hakuna anayejua, si mwalimu, si mlinzi, si yeye dereva.

Mama Zuhura: Na hizo dakika chache baba Kelvin, kaa wewe humo juani vioo juu, kisha uje utusimulie

Neema Nesi: Niingilie kidogo. Gari likisimama juani vioo vimefungwa, joto la ndani laweza kupanda nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za mwanzo. Kushusha kioo kidogo hakusaidii sana. Tena mwili wa mtoto hupanda joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima. Mama Imani, mwangalie usiku. Akitapika, akilegea au akiongea vitu visivyoeleweka, usingoje kuche, hospitali moja kwa moja.

Mama Imani: Sawa nesi. Ameamka sasa hivi ameomba maji, ananiuliza kesho ni siku ya michezo au la.

Neema Nesi: Basi hapo vizuri.

Baba Tumaini: Habari za saa hizi, kuna aliyeokota funguo zenye kamba nyekundu?

Bibi Mwanaidi: Baba Tumaini soma juu kwanza.

Baba Tumaini: Oh. Samahani sana. Pole mama Imani.

Mzee Ayubu: Jambo hili limeshaua watoto kwingine. Korea Kusini, mwaka 2018, mtoto alisahaulika kwenye gari la chekechea siku ya joto kali, akafariki. Mwaka uliofuata wakaweka lazima: dereva akizima injini sharti atembee mpaka nyuma akabonyeze kitufe, la sivyo kengele inalia. Japani nao, Septemba 2022, binti wa miaka 3 aliachwa kwenye basi la chekechea kwa muda wa saa tano hivi. Hakupona. Mwaka 2023 na wao wakalazimisha vifaa hivyo.

Mama Zuhura: Mzee sasa hivi mie silali

Mwalimu Rehema: Hiyo ya Japani ina jambo ambalo huwa linanikaa rohoni kama mwalimu. Walimu wake waliona kwamba hayupo darasani. Hakuna aliyewapigia wazazi.

Mama Imani: Hapo hapo mwalimu! Na leo majina yameitwa. Imani hakuitika, akaandikwa hayupo, somo likaendelea. Nimempeleka kwenye gari kwa mkono wangu, shule inaandika hayupo, na hakuna anayeshtuka.

Baba Kelvin: Mwalimu atakuwa alidhani anaumwa.

Mama Imani: Adhani baada ya kuniuliza.

Mwalimu Rehema: Mimi sifundishi shule hiyo, kwa hiyo nitasema, mnune mkitaka. Darasani kwangu asiyefika bila taarifa ni jambo la kila siku. Mwanzoni nilikuwa napiga simu. "Ah mwalimu, yuko kwa bibi yake." "Mwalimu, tumesafiri." Mwingine hapokei kabisa. Mwalimu ana darasa zima limekaa linamsubiri. Mwishowe mkono unazoea kuandika hayupo na kusonga mbele.

Mama Zuhura: Kwa hiyo kosa letu sasa

Mwalimu Rehema: Sijasema hivyo. Wazazi wote wakizoea kutoa taarifa, siku mtoto akikosekana kimya kimya mwalimu lazima ashtuke. Sasa hivi ukimya ni kawaida, ndiyo maana haumshtui mtu.

Bibi Mwanaidi: Humu kila asubuhi nafungua nakuta maua na salamu hadi simu inajaa. Kuandika "wangu hapandi leo" ndiyo vidole vinauma?

Baba Tumaini: 😂 Bibi

Bibi Mwanaidi: Usicheke, wewe ndiye namba moja kwa maua.

Baba Kelvin: Nimempigia dereva. Anasema matroni wa gari anaumwa tangu juzi na shule haikuleta mwingine. Asubuhi alihesabu kwa macho akiwa kwenye usukani, kupitia kioo. Siti zile mnazijua, migongo mirefu, mtoto akijikunja haonekani. Sauti yake imekatika kabisa, anaomba kuja kwako na mkewe kuomba radhi.

Mama Zuhura: Radhi tumemsikia. Aondolewe. Mtoto si begi la kusahau kwenye siti.

Mama Imani: Aje tu, mlango uko wazi. Ila mama Zuhura, tukimwondoa huyu ataletwa mwingine, na huyo naye atakaa kwenye usukani ahesabu kwa kioo. Mimi nataka mtu atembee mpaka siti ya mwisho, apinde mgongo achungulie chini ya viti, kila safari, asubuhi na jioni. Akiumwa matroni, gari lisitoke mpaka apatikane wa kushika nafasi yake.

Mama Zuhura: Mh. Hapo umenishinda, ingawa hasira bado ninayo.

Mzee Ayubu: Na watoto wafundishwe honi. Magari mengi honi inalia hata injini ikiwa imezimwa. Kule Japani baada ya kisa kile wapo walimu waliowafanyisha watoto mazoezi. Mkono wa mdogo huwa hauna nguvu ya kutosha, kwa hiyo waliambiwa wakalie usukani kwa makalio, uzito wote.

Baba Kelvin: Nitamwomba dereva Jumamosi alilete hapa mtaani wajaribu mmoja mmoja. Tutajua kwanza kama ya gari letu inalia.

Baba Tumaini: Siku hiyo majirani wengine watatuhama

Neema Nesi: Mazoezi yawe na dereva, isiwe mtoto anajifunza kucheza na usukani. Na kwanza waelezwe kwamba hawatagombezwa. Mtoto aliyezoea kukemewa kwa kupiga honi atakaa kimya hata akiungua.

Mama Imani: Kweli nesi. Imani ameniambia aliogopa kupanda kiti cha dereva kwa sababu wamekatazwa.

Mama Imani: Haya, nimeandika hii ya mwalimu mkuu, nirekebisheni:

"Mwalimu Mkuu, salaam. Leo mwanangu aliachwa ndani ya gari la shule lililofungwa, na habari hiyo nimeipata kwake mwenyewe. Tunaomba kujua alikaa humo tangu saa ngapi hadi saa ngapi. Tunaomba pia gari likaguliwe hadi siti ya nyuma kila watoto wanaposhuka, na anayekagua atie sahihi. Mtoto asipoitika asubuhi na mzazi hajatoa taarifa, tupigiwe simu kabla ya kipindi cha kwanza kuisha. Sisi wazazi tunaahidi kutoa taarifa kila mtoto asipokuja. Tunaomba kuonana nawe kesho."

Mwalimu Rehema: Ongeza kwamba jina la anayepiga simu lijulikane. Ikiwa ni kazi ya kila mtu, haitapigwa.

Mzee Ayubu: Na muwe na namba mbili kwa kila mtoto. Simu ya mmoja ikizimwa ipigwe nyingine.

Mama Imani: Nimeongeza zote. Nani anakuja nami?

Mama Zuhura: Mimi. Nitajitahidi kuongea taratibu.

Baba Kelvin: Mimi nipo. Mama Zuhura nitakaa katikati yenu na mwalimu mkuu.

Mama Imani: Amejibu. Twende saa nne. Anasema hata yeye kaambiwa jioni hii.

Mama Zuhura: Na yeye jioni!! Basi taratibu nimefuta

Bibi Mwanaidi: Mwacheni mama Imani apumzike. Kalale mwanangu.

Baba Tumaini: Jamani, Tumaini hapandi gari kesho, ana mafua. Nimeshamwambia dereva na mwalimu wake wa darasa.

Bibi Mwanaidi: Apone. Na funguo zako ziko kwangu, mjukuu kaziokota getini.