Kubadilisha kamshafti ya Honda CB750 ya zamani

Swali: Ndugu zangu, ninayo pikipiki ya Honda CB750 ya mwaka 1972, ile ya silinda nne na kamshafti moja (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya kuingiza hewa na mafuta na kutoa moshi), na nimeuziwa kamshafti inayofungua valvu zaidi na kwa muda mrefu kuliko ya kiwandani. Je, naweza kuifunga bila kugusa kitu kingine?

Jibu la 1: Usithubutu, ndugu. Valvu inayoshuka zaidi huikaribia pistoni, kwa hiyo bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, funga kichwa cha silinda na cheni, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha fungua upime unene uliobaki pale ilipobonyea. Mimi sikubali chini ya milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa moshi. Hakikisha pia kwamba springi za valvu hazibanwi hadi koili zikagusana.

Jibu la 2: Naongezea kwamba roka (vikono vinavyosukumwa na kamshafti ili kufungua valvu) zilizolika zitaiharibu kamshafti mpya mapema, na kwamba kamshafti ya injini hii huzunguka moja kwa moja kwenye alumini, bila beringi, hivyo njia za oili zisafishwe kwanza.

Muulizaji: Ahsanteni. Na nguvu itaongezeka kiasi gani?

Jibu la 1: Itahamia kwenye mizunguko ya juu, na huko chini utapoteza kidogo, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra. Kama unaendesha mjini tu, ningekushauri ubaki na ya kiwandani na usafishe kabureta.