Cheti cha hisa cha marehemu Babu: gumzo la ukoo wetu, Walukuba

Bi Zaituni: Assalamu alaikum, wana ukoo. Katika kupanga nyaraka za marehemu baba tumekuta, ndani ya bahasha ya kaki, karatasi nene yenye mhuri, jina lake kamili na namba, ikieleza kwamba yeye ni mwenye hisa za Uganda Clays tangu mwaka 2000. Picha ya karatasi hiyo nimeituma hapo juu. Mdogo wangu Idi, wewe uliyeshika vitabu vya hesabu miaka yote, tueleze kama hii ni mali au ni kumbukumbu tu.

Idi: Waalaikumu salamu, dada. Ni mali. Uganda Clays, hao wa vigae na matofali ya Kajjansi, ndiyo kampuni ya kwanza ambayo hisa zake ziliorodheshwa, yaani ziliingizwa rasmi kwa kuuzwa na kununuliwa, katika Soko la Hisa la Uganda, mwezi Januari 2000. Soko lenyewe lilikuwa limeanza kazi miaka miwili kabla kwa hati fungani (karatasi ya mkopo) ya Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki. Baba alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo kabisa, na wala hakutuambia!

Juma: Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi. Naomba kueleweshwa jambo moja: je, fedha alizolipa Babu kununua hisa, sasa sisi tunaidai kampuni, au vipi?

Idi: Marahaba, mwanangu. Hapana, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Anayenunua hisa hakopeshi, bali anaingia katika umiliki. Chukulia mtumbwi wa pale Masese ulionunuliwa na watu kumi kwa kuchangia sawasawa: samaki wakipatikana, kila mmoja anapata fungu lake baada ya gharama kutolewa, wasipopatikana, hakuna wa kumdai, na anayetaka kujitoa hawezi kung'oa ubao wake, ila atafute mtu wa kununua nafasi yake. Lile fungu la faida ndilo gawio, na kampuni hailazimiki kulitoa kila mwaka.

Salma: Mjomba, basi bei ya hisa hupangwa na nani? Nakumbuka MTN Uganda iliuza kwa shilingi 200 mwaka 2021 na Airtel Uganda kwa shilingi 100 mwaka 2023, na nilidhani bei hizo zimewekwa na serikali.

Idi: Bei hizo ulizozitaja ni za toleo la kwanza kwa umma, ambapo kampuni na washauri wake hutangaza bei moja kwa wote na kuieleza katika waraka wa toleo, ule mrefu ambao watu husaini fomu ya kununua bila kuusoma. Baada ya kuorodheshwa, bei hutoka kwa wanunuzi na wauzaji wenyewe kupitia madalali wao, na inaweza kwenda popote. Hisa ya Airtel, kwa mfano, ilishuka chini ya ile shilingi 100 baada ya kuingia sokoni. Kwa hiyo mwenye hisa anaweza kupata kwa njia mbili, yaani gawio na kupanda kwa bei, na anaweza pia kupoteza sehemu ya mtaji wake bila kuibiwa na mtu yeyote.

Juma: Nimeelewa. Basi kwa maoni yangu tuchague kampuni inayotoa gawio kubwa kuliko zote, tuuze hizi za Babu na kuhamia huko.

Idi: Taratibu, Juma. Kwanza piga hesabu ya kinachofika mkononi: kampuni ikitangaza gawio la shilingi 10 kwa hisa, na wewe ni mkazi wa Uganda mwenye hisa 1,000 katika kampuni iliyoorodheshwa, kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ni asilimia 10, kwa hiyo unapokea shilingi 9,000, tena ikiwa tu jina lako lilikuwamo siku ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, aliyenunua baadaye husubiri gawio jingine. Pili, uliza gawio hilo linatoka wapi na litadumu hadi lini. Kampuni iitwayo Umeme ilikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kusambaza umeme, na mkataba huo ukamalizika tarehe 31 Machi 2025. Aliyenunua hisa zake miaka ya mwisho kwa kutazama gawio peke yake, bila kuuliza tarehe hiyo, alikuwa kama hakununua biashara bali muda uliobaki. Mimi binafsi naliona gawio kubwa kama swali la kujibiwa kabla ya kulifurahia.

Salma: Na je, tukitaka kuuza, tunaweza kupata fedha siku hiyo hiyo?

Idi: Usitegemee. Soko letu lina ukwasi mdogo, maana yake ni kwamba kwa baadhi ya kampuni unaweza kutoa oda leo ukakaa siku nyingi bila mnunuzi, hasa ukishikilia bei yako. Fedha ya karo ya muhula ujao si ya kuweka kwenye hisa.

Juma: Kuna jirani aliyeniunganisha na kikundi kinachoahidi faida maalumu kila mwezi kwa "kununua hisa". Nacho ni soko?

Idi: Hisa haina faida ya kuahidiwa. Waombe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo huorodhesha madalali walioidhinishwa. (Mimi niliwahi kutolewa katika kikundi cha namna hiyo kwa sababu tu niliomba leseni.) Ukitaka malipo yanayojulikana mapema, nenda Benki Kuu kupitia benki yako ununue hati za hazina za siku 91, 182 au 364, au hati fungani za miaka, kuanzia shilingi 100,000. Hapo sasa ndipo unapokopesha, na mkopaji ni serikali.

Kaka Yusufu: Nimesoma yote. Barua ya usimamizi wa mirathi niliyopewa na mahakama wakati wa kesi ya kiwanja ninayo bado. Je, inatosha?

Idi: Kwa kawaida inahusu mirathi yote, kaka, lakini hakikisha kwanza kwamba muda wake haujaisha, kisha peleka nakala iliyothibitishwa pamoja na cheti kwa msajili wa hisa wa kampuni, yaani anayetunza daftari la wanahisa. Muulize mambo mawili: kama kuna magawio ambayo hayakuchukuliwa, kwani baba alibadilisha sanduku la posta na barua huenda hazikumfikia, na kama idadi ya hisa ni ileile, maana kampuni inaweza kugawanya hisa moja kuwa nyingi na cheti cha zamani kikabaki na idadi ya zamani. Baadaye dalali atatufungulia akaunti ya hifadhi ya hisa, ya kielektroniki, kwa sababu hisa ya karatasi haiuziki sokoni mpaka iingizwe humo. Dada, tafadhali iondoe ile picha, namba ya cheti inasomeka.

Bi Zaituni: Nimeiondoa. Yusufu, cheti nitakukabidhi Ijumaa baada ya swala, nawe uniandikie kwamba umekipokea.