Nimekwama na solo (densi ya mtu mmoja) ya bibi yangu, wenzangu huwa mnaanzia wapi?

binti_ukili
Habari zenu wadau. Nacheza densi ya kisasa hapa Dar na sasa ndo mara ya kwanza natunga kazi yangu mwenyewe, dakika 15 hivi, nataka iwe ya bibi mzaa mama. Alikuwa anasuka mikeka, utoto wangu wote namwona kakaa chini kanyoosha miguu, ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, kaubana na kidole gumba cha mguu, mikono inaenda yenyewe huku anapiga umbea na jirani wala haangalii anachosuka. Shida ni kwamba nikiingia ukumbini natoa kibibi cha kwenye maigizo, mgongo umepinda, mkono kiunoni. Juzi mwenzangu kacheka eti hiyo densi au komedi. Nyie kazi zenu zilianzaje?

kaka_jukwaa
Pole dada ila kasema kweli 😅 Usimwigize bibi, chukua kazi yake. Alvin Ailey, mtunzi wa densi wa Marekani, mwaka 1971 alimtungia mama yake zawadi ya bathdei, solo inaitwa Cry, kama dakika 16 tu, akaicheza Judith Jamison. Mama mwenyewe alishafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Sasa jukwaani humwoni mama mzee, unaona mwanamke na kitambaa kirefu cheupe, mara anapigia deki, mara kajitanda kama shela, kitambaa kilekile. Tafuta kitambaa chako.

mama_mazoezi
Mi sikubaliani sana na kaka hapo juu, ukianza na mikono inayosuka utaishia kusuka hewa, nimeona wanafunzi wengi wanasuka hewa jamani mpaka nimechoka. Pina Bausch, naye mtunzi wa densi, wazazi wake walikuwa na mgahawa Solingen, Ujerumani, yeye mtoto anakaa chini ya meza anawaangalia wakubwa. Kazi yake Café Müller ya 1978 imetoka huko, ila hakuna anayetembeza sahani, kuna watu wamefumba macho wanavamia viti na jamaa mmoja anahangaika kuvitoa njiani. Swali langu kwako mwanangu: bibi anasuka, wewe ulikuwa umekaa wapi?

wa_kisangani
Naongezea Faustin Linyekula, mtunzi wa densi wetu wa Kisangani, Kongo, yule aliyeanzisha kundi la densi la Gàara Nairobi mwaka 1997 na kina Opiyo Okach. Kazi yake ya 2017 pale makumbusho ya Metropolitan, New York, ilianzia kwenye sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Safari ikamfikisha hadi kijijini kwao na familia. Nenda kwenu kwanza, ukumbi utausubiri.

binti_ukili
Asanteni sana. Mama mazoezi swali lako limeninyima usingizi. Mimi ndo nilikuwa mpimaji! Ukili ukishakuwa mrefu naushika natanua mikono, pima moja, nakunja, natanua tena, huku narudi kinyumenyume mpaka mgongo unagonga mlango, na bibi anacheka kwa sababu pima zangu za kitoto zilikuwa fupi, ikabidi kila siku arudie mwenyewe kupima. Jana nimejaribu hivyo tu, kurudi nyuma na kutanua mikono, bibi simchezi kabisa, na yule aliyecheka kakaa kimya mpaka mwisho. Sasa ukumbi wetu mdogo, naishiwa nafasi kwenye pima ya sita. Nizunguke au niache nigonge ukuta?

mama_mazoezi
Gonga.