Naomba ushauri: michango ya wasikilizaji wa redio ya jamii

Wakuu, redio yetu ya jamii hapa Kenya hupokea michango kwa namba ya Till, ile ya Lipa na M-Pesa ya kulipia kwa simu. Till haina sehemu ya kuandika akaunti, kwa hiyo pesa za kipindi cha wakulima na za dizeli ya jenereta huingia chungu kimoja; mhasibu hawezi kuzitenganisha. Paybill, namba ya M-Pesa yenye sehemu ya akaunti, ingetatua hilo, mchangiaji akiandika KILIMO au DIZELI kwenye akaunti. Ila tahajia zitakosewa tu. Afadhali tutumie tarakimu, 1 na 2?

Linalotuumiza zaidi: michango hufurika wiki ya kampeni hewani, kisha hukauka, na umeme wa transmita hulipwa kila mwezi. Wenye wachangiaji wa shilingi 50 au 100 kwa mwezi, mnawakumbusha vipi bila kuwachosha?