Acheni kumpa mgeni "Hereditary" kama muvi yake ya kwanza ya kutisha, mnafukuza watu!

#1

Wakuu, leo tuambiane ukweli bila kuoneana haya. Kila mara anaingia mtu humu anauliza kwa adabu zote: "Sijawahi kuangalia muvi za kutisha, nianze na ipi?" Haipiti hata robo saa, majibu yameshajaa: Hereditary, Midsommar, The Exorcist, na kuna mmoja lazima atupie Hostel. Halafu mnacheka. Mnacheka nini? Mtu kaomba maji, nyie mnammiminia gongo.

Hereditary (2018) si muvi mbaya, hapo tusibishane. Shida ni kwamba inadai uzoefu. Ni saa mbili na dakika saba, na vitisho vyake vikali havipigiwi muziki wa kukuandaa. Kuna sehemu kijana anaamka kitandani, chumba giza, na nyuma yake, juu kabisa kwenye pembe ya ukuta, kuna mtu amejibanza. Kamera haimsogelei. Hakuna kelele. Aliyezoea hizi muvi huwa anakagua pembe za picha muda wote, kwa hiyo anamwona na mwili unamsisimka. Mgeni anamwangalia kijana usoni, sekunde zinapita, anageuka anakuuliza, "Sasa hapa kinatisha nini?"

Hapo bado sijagusa hizo kopi zenu za MB 300, au hao wanaoangalia mtandaoni kwa kiwango cha kubana bando. Ukibana faili, kinachoharibika kwanza ni giza: linageuka viboksi vya kijivu vinavyochezacheza. Kwenye picha kama hiyo yule wa ukutani humwoni hata ukiambiwa yuko wapi. Muvi nyingi za aina hii zimejaa giza, kwa hiyo kama bando halitoshi, mpe mgeni yenye matukio mengi ya mchana au subirini mpate kopi nzuri.

Na Hostel (2005) ndiyo ya kumpa mtu anayeanza? Ile inachefua. Kuchefuka na kuogopa ni vitu viwili, na mtu akitapika usiku wa kwanza harudi tena.

Kabla hujataja jina lolote, muulize anaogopa nini zaidi: mtu mwenye kisu au kitu kisichoonekana? Orodha mnazonakili zimeandikwa na Wamarekani, hazimjui mtu wa huku kwetu. Mtu aliyekulia Unguja au Pemba anasikia habari za popobawa na majini tangu utotoni, ukimwekea The Conjuring (2013) hiyo kwake ni kama taarifa ya habari. Wa hivyo mpe Halloween ya 1978: dakika 91, damu karibu hakuna, muuaji anasimama kando ya ua wa majani mchana kweupe. Kama yeye haogopi majini ila visu vinamtoa jasho, geuza.

Kisha muulize kuna jambo gani hawezi kulivumilia kabisa. Hapa ndipo mnaponikera zaidi. A Quiet Place (2018) mnaigawa kama pipi kwa sababu ni fupi, dakika 90. Ndani ya dakika kumi na kitu za mwanzo mtoto mdogo anauawa, na mbele huko mama anajifungua huku hatakiwi kutoa sauti. Nimeona humu mkimpa dada aliyejieleza wazi kwamba ni mjamzito! Halafu familia ile inaongea kwa ishara za mikono. Faili likiwa halina maandishi ya chini, nusu ya mazungumzo yamekwenda, mgeni anabaki kutazama watu wanapunga mikono.

Kwa wengi, ya kwanza iwe Get Out (2017). Dakika 104. Hofu yake inaanzia kwenye jambo ambalo kila mtu analijua, kijana kupelekwa ukweni kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ni mchana, kuna rafiki mchekeshaji wa kukupa pumzi, na mwisho kila kitu kinaeleweka. Tena sisi tuna upendeleo: ule wimbo wa mwanzoni, majina yanapopita, ni wa Kiswahili, "Sikiliza Kwa Wahenga" wa Michael Abels, na unamwonya jamaa kabla hajafika. Akimaliza hiyo, The Others (2001), nyumba kubwa kisiwani Jersey baada ya vita, mapazia muda wote yamefungwa kwa sababu watoto hawaruhusiwi kuguswa na mwanga. Damu hakuna. Mkatazeni kusoma chochote wala kutazama tangazo lake. Ya tatu Train to Busan (2016), mizombi ndani ya treni, mbio mwanzo mwisho.

Hizo tatu zitakuonyesha anapenda woga wa aina gani. Hereditary itamsubiri, haiozi.

#2

Mkuu umenisemea. Ongeza na hili: ANDIKENI MWAKA. Mtu anaandika "tazama Halloween" kana kwamba iko moja. Ziko tatu zenye jina hilohilo tupu, 1978, 2007 na 2018. Ya 2018 inaendelea ilipoishia ya 1978 na kuzifuta zote za katikati, kwa hiyo ukiianza hiyo huelewi yule bibi, yaani msichana wa 1978 aliyezeeka, ana kisasi gani. Scream ni 1996 na 2022. The Thing ya 1982 ndiyo muvi yenyewe. Ya 2011 inaeleza yaliyotokea kabla, na mgeni akisikia hivyo anaianza, anamaliziwa utamu wote.

Ugonjwa huohuo uko kwa familia ya The Conjuring. Wajuaji wanasema fuata miaka ya hadithi, anza na The Nun kwa sababu inatokea 1952. The Nun ilitoka 2018! Imetengenezwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuogopa yule mtawa kwenye The Conjuring 2 ya 2016. Fuata miaka ya kutoka. 2013, kisha 2016, zilizobaki ni hiari yako.

#3

Mimi nagombana na sauti. Watu wanalalamika "maongezi hayasikiki, kishindo kikija kinapasua masikio", wanalaumu muvi. Muvi nyingi zina sauti ya njia sita (inaandikwa 5.1), na maongezi yamewekwa kwenye spika ya katikati. TV yako ina spika mbili. Isipochanganya vizuri, maongezi yanazama, unaongeza sauti ili usikie, halafu kile kishindo kinakukuta sauti iko juu. Mgeni anashika rimoti muvi nzima, ataogopa saa ngapi?

Ingia kwenye mipangilio ya sauti, toa ya njia sita weka stirio. Kama kuna chaguo la usiku, liwashe, linapunguza tofauti ya kunong'ona na kupiga kelele. Au vaa hedifoni za kawaida. Na pazia lifungwe hata kama ni saa kumi jioni, mwanga wa dirisha kwenye kioo unaua giza la muvi. Taa ndogo nyuma ya TV haina shida, tena kwa anayeanza inasaidia.

Na hizi zilizotafsiriwa na madijei, kwa muvi za kutisha hapana. Kwa muvi za mapigano sawa, raha tupu. Hapa ukimya wenyewe ndio kazi, sasa mtu anakuongelea juu yake, "oya jamaa hajui nyuma yake kuna nini!" Imekwisha hiyo.

#4

Mnawadekeza watu. The Exorcist (1973) ndio msingi, asiyeiweza arudi kwenye tamthilia. Na mnaposema PG-13 (alama ya Marekani ya tahadhari kwa walio chini ya miaka 13) kwa wageni mnajidanganya, The Ring (2002) ni PG-13 na inanyima watu usingizi.

#5 (mwenye uzi)

Mkuu #4, hilo la The Ring nakuunga mkono, na sikutaja PG-13 popote, rudi usome. Alama zile zinaangalia zaidi damu, matusi na utupu. Kwa woga usizitegemee. The Conjuring nayo ilipewa R, alama kali kuliko PG-13, kwa vitisho vyake, na damu yake ni kidogo.

Ila kwenye The Exorcist unaongea kwa kiburi tu. Sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ni mama anahangaika na madaktari. Kinachowaangusha watazamaji wengi wala si pepo, ni kile kipimo cha hospitali, sindano inaingia shingoni mwa mtoto na damu inaruka. Ulimuuliza mgeni wako kama anaogopa sindano? Hukumuuliza. Na ulimpa ipi, ya 1973 au ile iliyorefushwa ikatolewa 2000, ambayo mtoto anashuka ngazi kinyumenyume kama buibui? Hukumwambia.

Nikisema msingi nitampa Night of the Living Dead (1968). Dakika 96, haina rangi, na kuipata ni bure kihalali: walipobadilisha jina la muvi dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki likasahauliwa kwenye nakala, kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Bando lako tu.

#6

Na REC ya 2007 je? Dakika 78 tu, naona inafaa.

#7 (mwenye uzi)

Fupi ndiyo, ila kamera inatikisika mwanzo mwisho, sawa na The Blair Witch Project (1999) iliyowatapisha watu ukumbini. Muulize kama anasikia kichefuchefu kwenye basi. Akisema ndiyo, usimpe. Akisema hapana, akae mbali na kioo, asiangalizie kwenye simu akiwa amelala chali, na iwe ya Kihispania yenye maandishi ya chini. Ile ya Marekani ya 2008, Quarantine, ni marudio ya tukio kwa tukio, na bango lake la matangazo limeonyesha picha ya mwisho kabisa ya muvi. Nani aliidhinisha upuuzi ule, sijui.